Kidonge cha Magoti na Adabu ya Mama Mkwe

Jumatatu, 5 Mei

Mwandani wangu,

Leo nimekwenda kazini nimevaa shati ndani nje. Mama yako alinitazama juu mpaka chini pale mlangoni, akasema, "Umependeza, mwanangu." Aliyeniambia ukweli ni mlinzi wa ofisini. Nikageuza shati chooni, nikaingia mkutanoni nimechelewa, vifungo vimepishana.

Habari mbaya. Mkuu wa mauzo ametangaza kwamba eneo letu, ambalo siku zote lina wawakilishi wawili wa dawa, sasa litabaki na mmoja. Ama mimi, ama yule kijana aliyeajiriwa juzi, ninayemwita Manukato kwa sababu pua humpokea kabla ya macho. Atakayebaki ni yule atakayemfanya Bi Daktari wa kliniki ya viungo aanze kuwaandikia wagonjwa wake kidonge chetu kipya cha magoti. Akiandika yeye, mji mzima utaandika. Muda ni hadi Jumatatu ijayo. Atakayeshindwa atapelekwa mpakani, safari ya kutwa nzima kwa basi.

Mpakani! Wewe unajua ninachowaza. Barabara ya kwenda kliniki inapita ukuta wa makaburi. Kila Jumatano nashuka, nang'oa majani, nakusimulia habari za wiki. Nikiwa mpakani nitakuja lini? Mara moja kwa mwaka, kama mgeni, nimebeba mfuko na kuulizia njia.

Na Mama je? Alikuja msibani na begi moja, hajaondoka. Sijamuuliza ataondoka lini, naye hajasema. Tunaishi hivyo, watu wawili wenye pengo moja.

Lakini nimeiona brosha ya kidonge. Mwandani, brosha! Karatasi inateleza kama hariri. Bibi kizee amesimama juu ya ngazi anachuma matunda, anacheka. Chini yake maandishi mekundu: *Hupunguza maumivu kwa nusu.* Kisha mchoro wa nguzo mbili, moja ndefu kama mnara, nyingine fupi kama stuli. Ndefu ni maumivu ya wasiotumia. Fupi ni ya wanaotumia. Nani atabisha na nguzo?

Nimepanga begi mara nne. Nimekaa, nimesimama. Ungekuwepo ungeniambia nikae kitako, nakutia kizunguzungu.

Jumanne, 6 Mei

Mwandani wangu,

Nimefika kliniki mapema. Manukato alikuwa amefika mapema zaidi. Alikuwa juu ya kiti, anatundika saa ya ukutani yenye jina la kidonge chetu. Akanisalimia mbele ya wauguzi wote: shikamoo mzee, pole na safari. Mzee! Ameniachia nafasi kwenye benchi la wagonjwa na kumwomba mama mmoja mwenye magongo asogee anipishe. Wauguzi wakacheka. Saa yenyewe, nasikitika kusema, inakwenda vizuri.

Bi Daktari ni mwanamke mfupi, viatu vyake havina sauti. Alinipokea wima, kati ya mgonjwa na mgonjwa. Nikafungua brosha nikaanza hotuba yangu. Hakuniacha nifike mbali.

"Nusu ya nini?" akauliza.

Nikasema nusu ya maumivu. Akataka kujua maumivu ya nani, yamepimwa kwa kipi, yamelinganishwa na nini. Nikamjibu kwamba yamepimwa kitaalamu. Akaweka kidole chini ya zile nguzo. Namba hazikuanzia sifuri, zilianzia arobaini. Akasema ukianza kumpima mtu kutoka shingoni, kila mwenye kichwa kirefu utamwita jitu.

Sikuwa nimeona. Nani hutazama miguu ya nguzo?

Kisha akanionyesha kinamba kidogo, saba, kimekaa juu ya neno "nusu" kama nzi. Akaniuliza kinaelekeza wapi. Nikamwambia nadhani ni namba ya ukurasa. Akaigeuza brosha mara moja, mara ya pili. Ina kurasa nne.

Ameniambia niulete huo utafiti wa namba saba siku ya Ijumaa. Bila huo nisimpotezee muda. Nimetoka nje jasho linanitiririka, nikagonga kiti cha magurudumu. Hakikuwa na mtu, bahati nzuri.

Lakini njiani nikapata mpango. Bi Daktari anataka ushahidi? Nitampelekea ushahidi wenye miguu miwili! Mama yako magoti yanamsumbua tangu mvua zianze. Namsikia akiinuka kitini, anaita majina ya wazee wake wote. Jioni nimempa sampuli kutoka begini, nikamweleza kwamba ni dawa mpya na kwamba Ijumaa tutakwenda pamoja kumweleza daktari alivyopona. Nikamweleza pia habari ya mpakani, maana aliona sili. Alisikiliza. Akavipokea vidonge kwa mikono miwili, kama mtu anayepokea zawadi ya harusi.

Jumatano, 7 Mei

Mwandani wangu,

Asubuhi Mama amesema dawa ni nzuri, anaona nafuu. Usiku mmoja tu! Nimeandika pembeni ya brosha: *mgonjwa wa kwanza, nafuu kubwa.*

Nilitaka kuuliza zaidi, lakini unajua mambo ya ukwe. Mtu hamtazami mama mkwe wake miguu. Tulizungumza habari za magoti yake, mimi nikitazama taa ya darini, yeye akitazama jiko. Mazungumzo mazuri, ya heshima.

Halafu nimepiga simu makao makuu, idara ya matangazo, nikauliza kuhusu namba saba. Bwana aliyepokea akasema tangu aanze kazi hajaulizwa swali hilo na mtu yeyote, si daktari wala mwakilishi. Akauliza kama nina matatizo na mtu. Nikamwambia nina matatizo na Bi Daktari. Akanieleza kwamba namba saba ni taarifa zilizohifadhiwa na kampuni. Zimehifadhiwa wapi? Kwenye droo. Droo ya nani? Yake. Je, anaweza kuifungua? Akasema kuifungua si tatizo, tatizo ni kwamba hajui kama inaruhusiwa. Nikamsihi. Nikamtaja marehemu mke wangu; nisamehe. Mwishowe akanitumia muhtasari kwenye simu.

Nimeusoma nimeegemea ukuta wa makaburi. Mwandani, hakuna bibi kizee. Hakuna ngazi. Ni wachezaji wa mpira, vijana watupu, walioumia magoti uwanjani. Wengine walipewa kidonge chetu, wengine kidonge cha unga usio na kitu. Wa kidonge chetu maumivu yalipungua kwa nusu. Wa unga yalipungua karibu nusu. Wote wakarudi kucheza.

Nimekusimulia yote huku nang'oa majani. Ulinyamaza, kama kawaida yako siku hizi.

Sasa nifanye nini? Nikiuonyesha utafiti huu, naenda mpakani. Nisipouonyesha, naenda mpakani. Nimezunguka kaburi lako mpaka mchimba makaburi akauliza kama nimepoteza kitu. Hapo nikakumbuka: kampuni ilitupa vibandiko vya kalenda, vidogo, vina picha ya ua. Nimebandika kimoja chini kabisa ya ukurasa wa nne, mahali penye maandishi madogo. Kimefunika namba saba na majirani zake wote. Hao majirani sikuwasoma. Kitu unachokwenda kukifunika, ukisome cha nini?

Bi Daktari atamsikiliza Mama, atasahau namba. Na kalenda itamfaa.

Alhamisi, 8 Mei

Mwandani wangu,

Siku mbaya ya kukaa. Sikuweza kukaa.

Manukato ameandaa chakula cha mchana hotelini kwa madaktari wote. Mkuu wa mauzo alimsifu mbele yangu. Alialikwa pia mtaalamu mgeni, mtu mzito mwenye sauti nzito, aje kusifu kidonge chetu ukutani kwa picha za mwanga. Zile nguzo zilipotokea, kubwa kama nyumba, ukumbi ukaguna kwa kuridhika. Bi Daktari alikaa nyuma, hakugusa chakula. Mtaalamu alipomaliza, Bi Daktari akainua mkono akauliza nusu ya nini. Yule bwana akanywa maji. Akanywa tena. Akasema muda umekwisha.

Nilifurahi sana kumwona Manukato akipauka. Nilifurahi mpaka mlangoni, nikakumbuka kwamba kesho swali hilo ni langu.

Nimerudi nyumbani nimemkuta Mama jikoni amevaa ndara zako za kijani. Zile pana, ulizokuwa unasema umenunua za kiume kwa makosa. Sikuwahi kumwona akizigusa. Nikajua leo amekukumbuka kuliko siku nyingine. Anatembea polepole, anaziburuza, kama hataki kuzichakaza. Nilitoka nje nikajifanya natafuta ufagio.

Nilipomuuliza habari za dawa, macho yangu yakiwa darini, akasema haijapata kutokea dawa kama hiyo.

Ijumaa, 9 Mei

Mwandani wangu,

Nimechelewa kuandika.

Tulikwenda kliniki, mimi na begi, Mama na ndara zako. Nilimshika mkono kwenye ngazi, alikuwa mzito. Nikamkumbusha asibuni chochote, aseme tu yale anayoniambia mimi. Akasema sawa, mwanangu.

Bi Daktari akamchukua nyuma ya pazia, akaniacha kwenye benchi na Manukato, chini ya saa yake. Kijana aliniuliza kama nimeshafunga mizigo. Akasema mpakani hewa ni nzuri kwa watu wa umri wangu. Mimi nilikuwa natega sikio. Nyuma ya pazia walikuwa wanacheka. Dalili njema! Kisha wakanyamaza. Wakanyamaza sana.

Nikaitwa. Mama amekaa kitandani, khanga imefunika miguu. Nikakimbilia kutazama dari. Bi Daktari akanitaka nitazame miguu ya mgonjwa. Nikamwambia siwezi, huyu ni mama mkwe wangu. Akaikunja khanga mwenyewe.

"Tazama."

Nikatazama. Mwandani, miguu ya mama yako imevimba, kifundo hakionekani, ngozi inang'aa kama ile karatasi ya brosha. Tangu Jumatano viatu vyake vilimkataa. Ndara zako ndizo pekee zilizompokea.

Bi Daktari akaomba brosha. Nikampa. Akakiona kibandiko cha kalenda, akakisifu ua lake, akaanza kukibandua kwa ukucha, taratibu, kama mtu anayemenya yai. Chini yake kulikuwa na namba saba. Na chini ya namba saba, kwa herufi za sisimizi: *Wasipewe wenye umri wa zaidi ya miaka sitini, wala wenye presha.*

Mama anavyo vyote viwili. Na onyo lilikuwepo. Kampuni ililiandika dogo, mimi nikamalizia kulifunika kwa mkono wangu.

Nilisema kwamba yeye mwenyewe aliniambia anaona nafuu. Nilisema hivyo, Mwandani, mbele ya miguu ile.

"Huyu ni mkwe wako," Bi Daktari akasema. "Ukimpa mawe atakuambia yameiva. Na mimi mnaniletea saa, kalamu, chakula hotelini. Mnataka niwajibu kama daktari, au niwajibu kama mkwe?"

Amempima Mama presha, imepanda lakini haijafika pabaya. Kaacha dawa yangu, kapewa nyingine ya zamani, isiyo na picha. Uvimbe utashuka. Jumatatu arudi aonwe.

Niliposikia kwamba utashuka, nikakaa sakafuni. Ni mara ya kwanza nimekaa nikatulia wiki hii.

Jumamosi, 10 Mei

Mwandani wangu,

Sikutoka. Nimemwekea Mama mto chini ya miguu, nikageuka ukutani wakati wa kuuweka, nikauweka chini ya kichwa cha paka wa jirani. Tukarekebisha.

Nimechemsha chai nikampelekea hadi kwenye pazia la chumba chake. Nikamwomba radhi. Nikamuuliza kwa nini hakuniambia. Nilidhani amelala.

"Ungehamishwa, mwanangu," akasema. "Halafu yale majani nani angeyang'oa? Mimi goti haliniruhusu kuinama."

Nilibaki pale na sinia. Kumbe alijua tangu Jumatano kwamba dawa inamvimbisha. Kila asubuhi alikuwa anakimeza kile kidonge kwa ajili yako. Na ananisifia.

Nikakumbuka kitu ambacho sipendi kukikumbuka. Dawa yako ya mwisho nayo ilikuwa na karatasi nzuri. Mwanamke amesimama dirishani anacheka. Nilikuletea hospitalini, nikakuonyesha picha, nikakuambia utacheka hivyo hivyo kabla mwezi haujaisha. Ukacheka pale pale. Nilirudi nyumbani nimefurahi, nikamwambia kila mtu dawa inafanya kazi.

Leo ndiyo kwanza najiuliza ulikuwa unacheka kwa ajili ya nani.

Nimezunguka uani hadi kuku wa jirani wamenizoea.

Jumapili, 11 Mei

Mwandani wangu,

Nimefunga mizigo ya mpakani. Nimeifungua. Mama kasema miguu imepungua. Sikumwamini, nikaomba ruhusa ya kutazama. Akacheka, akasema dunia imekwisha, akaitoa nje ya shuka. Nimetazama kwa jicho moja. Kifundo kimeanza kuonekana.

Nimefunga mizigo tena.

Jumatatu, 12 Mei

Mwandani wangu,

Asubuhi tumeanza kliniki. Presha imeshuka, miguu imeshuka, Mama amevaa viatu vyake mwenyewe. Bi Daktari alinitazama tu shati. Lilikuwa sawa, nadhani.

Kisha nikaenda ofisini kupokea hukumu. Manukato alikwishafika, amejipulizia kwa ajili ya sherehe. Mkuu wa mauzo alikuwa na uso wa mtu aliyetoka kusemwa. Akatueleza kwamba Bi Daktari amempigia simu tangu Ijumaa. Kidonge hatakiandika. Amesema ataueleza mji mzima kwa nini, na anataka ile droo ya makao makuu ifunguliwe. Kuhusu sisi wawili, amesema yule mwenye manukato asipite tena mlangoni kwake, na saa yake akaichukue. Lakini kama ni lazima kampuni itume mtu, basi imtume yule aliyekuja na mama mkwe. Huyo, alisema, akidanganya unaona mara moja.

Nilidhani natukanwa. Mkuu akafikiri, akagonga meza kwa kalamu, akasema mlango ulio wazi kidogo ni bora kuliko uliofungwa. Nabaki mimi. Manukato anakwenda mpakani.

Nabaki, Mwandani! Manukato alinipa mkono, akaniambia, "Haya mzee, umeshinda kwa goti la mwenzio." Nilimwonea huruma kutoka ghorofa ya pili hadi ya kwanza.

Nilimpigia Mama kumweleza. Nilimsikia akivuta pumzi, kisha akaniambia nisisahau kula.

Sasa sikiliza. Mkuu amenikabidhi dawa mpya, ya usingizi. Nimeiona brosha. Mwanamume amelala chali, anatabasamu, nywele zimechanwa, shuka halina hata mkunjo. *Wanane kati ya kumi walilala hadi asubuhi.* Mimi si yule wa wiki iliyopita. Kitu cha kwanza nimetafuta kinamba. Kipo, ni namba tatu. Nikashuka chini kukisoma, kwa miwani. Kinasema: tazama brosha ya kwanza. Nikaomba brosha ya kwanza, nikatafuta. Nayo inasema: tazama brosha ya pili. Kwa hiyo zinakubaliana! Mashahidi wawili, neno moja. Bi Daktari safari hii atauliza nini?

Ila atataka mtu. Mama sitamgusa tena, hilo nimeapa. Nimemfikiria mwalimu mstaafu, jirani yetu, yule ambaye taa yake haizimwi. Nimemchagua kwa makini. Unakumbuka maji ya paa letu yanavyomwagikia uwanjani kwake kila mvua? Hajalalamika hata siku moja. Husema yanamsaidia maua. Mtu mwenye adabu kama ile hawezi kuniangusha mbele ya daktari.

Kesho nikitoka kazini nampelekea sampuli. Siwezi hata kukaa nikingoja.

Ninalokuomba ni moja tu. Huko uliko, unikumbuke.